Mrejesho: inveta iliyokuwa ikizima kwa joto, Kirumba, Mwanza

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini inveta ya dukani (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO) inajizima umeme wa TANESCO ukikatika, friza la samaki likiwa limewashwa. Asanteni sana, sasa inapiga kazi.

Mliosema joto mlipatia. Fundi alipofungua, mapezi ya alumini yanayopoza mosfeti (vipande vya elektroniki vinavyowasha na kukata umeme ndani ya inveta) yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikana na wale wadudu wadogo wa ziwani. Grisi nyeupe ya kupitisha joto ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa. Akaifuta kwa spiriti, akapaka mpya, nyembamba mno. Kazi yake ni kujaza vinafasi vya hewa tu. Ikiwa nene inazuia joto kutoka. Vikaratasi vya kuzuia umeme vinavyokaa kati ya mosfeti na mapezi akavirudisha vyote, maana mgongo wa mosfeti una umeme. Hapo msikubali fundi avitupe!

Feni imebadilishwa. Betri nimeihamisha mbali na joto la inveta, kwa sababu betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzijoto 10 za Selsiasi juu ya 25.

Tundu la hewa nimeliwekea wavu, nao nausugua kila wadudu wakivamia.