Mzee ana presha ya kupanda, lakini akisimama inashuka mpaka anashika ukuta. Ushauri wenu wakuu

Kitinda_Mimba
Habari zenu wakuu. Nyumbani tumeshagawanyika, nimeona nije huku.

Baba yetu ana miaka 71. Presha ya kupanda anayo mwaka wa 9 sasa na dawa anameza bila kukosa. Miezi miwili iliyopita aliongezewa dawa ya pili, ile inayokojoza. Tangu hapo akitoka kitandani asubuhi macho yanaingia giza. Juzi usiku akielekea chooni magoti yakaisha nguvu, akajikuta chini. Hakuzimia wala hakuumia, lakini nyumba nzima haikulala.

Mashine tunayo. Akiwa amekaa inasoma 146/84. Nikamsimamisha, nikampima tena: 117/70. Nikadhani mashine imekufa, nikajipima mwenyewe, yangu haikucheza.

Kaka anasema dawa zote ziachwe, presha imeshashuka. Dada anasema 146 bado ni kubwa, aongezewe. Mtu mmoja anawezaje kuwa na presha ya kupanda na ya kushuka ndani ya dakika hizo hizo? Na nimsikilize nani kati ya hawa wawili?

Mzee_wa_Busara77
Hiyo ni ya kushuka. Mpe maji ya chumvi, atasimama kama askari.

NesiMstaafu
Hapo juu, tafadhali. Chumvi kwa mtu mwenye presha ya kupanda haitolewi kwa kukisia.

Kitinda, pole na mzee. Kwanza: dawa zisiachwe na zisiongezwe kwa kura ya familia. Arudi kwa daktari wiki hii hii, na hizo namba mbili ziende naye kwenye karatasi. Kaka na dada wote wamekosea, kwa sababu kila mmoja ameshika namba moja na kuifanya ndiyo presha ya mzee. Presha haikai mahali pamoja. Ukipanda ngazi inapanda, ukilala usingizi mzito inashuka. Hata kuongea wakati mashine inapima kunaipandisha.

Sasa tazama kinachotokea mtu akisimama. Damu kati ya nusu lita na robo tatu ya lita inateremka miguuni na tumboni. Inayorudi moyoni inapungua, moyo unapata kidogo cha kusukuma, presha inaanza kuanguka. Kwenye kuta za ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) kubwa za shingoni, na kwenye upinde wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna vihisi vinavyojua ukuta umevutwa kiasi gani. Ukuta ukilegea, vinapeleka habari kwenye shina la ubongo. Amri inarudi papo hapo: moyo uongeze kasi, mishipa midogo ijikaze. Yote hayo ndani ya sekunde chache, ndiyo maana mimi na wewe tunasimama tukiendelea na hadithi zetu.

Kwa mzee mambo matatu yamekutana. Ateri za umri huo zimekakamaa, ukuta hauvutiki vizuri, kwa hiyo vihisi vinasikia kwa shida. Halafu presha iliyokaa juu kwa miaka inavizoesha vione namba kubwa kuwa ndiyo kawaida. Na sasa dawa ya kukojoza imepunguza maji kwenye damu, akiba ya kuziba pengo ni ndogo. Kwa hiyo inaweza kuwa juu akikaa na ikaporomoka akisimama.

FundiBomba
Mimi kazi yangu ni maji, nalielewa hivi: presha ni nguvu ya pampu mara ubishi wa bomba. Maji yakipungua tangini, ghorofa ya juu ndiyo inakauka kwanza. Kichwa ndiyo ghorofa ya juu. Nimekosea?

NesiMstaafu
Hujakosea, ila mabomba yako hayana nyama. Mishipa midogo ina misuli ukutani, inajibana na kujitanua yenyewe. Na unajua kuliko mimi kwamba kipenyo kikipungua nusu, kinachopita hakipungui nusu.

FundiBomba
Kinapungua mara 16! Hiyo ndiyo wateja hawaniamini.

NesiMstaafu
Basi mwili unaitumia hiyo kila dakika. Moyo wa mtu aliyepumzika unasukuma kama lita 5 kwa dakika, na lita hizo zinagombewa. Ukikimbia, misuli inafunguliwa, utumbo unabaniwa. Ukishiba, utumbo unafunguliwa, ndiyo maana wazee wengine kizunguzungu kinawashika baada ya kula. Ubongo una utaratibu wake: presha ikishuka kidogo, mishipa yake inatanuka ili mgao usipungue. Lakini utaratibu huo una kikomo, na mzee siku ile magoti yalipoisha nguvu alikuwa amekifikia.

Figo nazo zinashika presha kwa njia yao ya polepole, kwa kuamua maji na chumvi kiasi gani kibaki. Hiyo ni kazi ya saa na siku, haimsaidii mtu anayeinuka kitandani sasa hivi.

Kijana26
Mbona mimi pia nikiinuka ghafla naona nyota? Niandike wosia?

NesiMstaafu
Zikipita ndani ya sekunde kama 15 na huanguki, kunywa maji ya kutosha na uinuke taratibu. Ukizimia, au moyo ukienda mbio bila sababu, nenda kapimwe.

Mlezi_wa_Mama
Nimeuguza mama yangu na tatizo hili hili, nakupa ya nyumbani tu. Asubuhi asiruke kitandani. Akae ukingoni dakika kadhaa, achezeshe vifundo vya miguu, maana misuli ya mashavu ya miguu ikijikaza inakamua vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) na kuirudisha damu juu. Akisimama na kuhisi giza, apishanishe miguu na kubana mapaja kwa nguvu, au akae chini mara moja. Aibu ya kukaa chini ni ndogo kuliko nyonga iliyovunjika. Usiku akojoe akiwa amekaa, na taa iwepo. Wanaume wanalikataa hili la kukaa, mbembeleze.

NesiMstaafu
Naunga mkono, hasa la kukojoa. Kitinda, mpime upya vizuri. Alale dakika 5, pima. Asimame, pima dakika ya 1 na ya 3. Mkono uwe usawa wa moyo, umeuegemeza kitu. Ukining'inia mashine inasoma juu kuliko ukweli na anguko linajificha. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, hilo ni tatizo lenyewe. Andika na mapigo ya moyo.

Kitinda_Mimba
Nimefanya leo asubuhi. Amelala: 158/88, mapigo 68. Dakika ya 1: 124/72, mapigo 71. Dakika ya 3: 121/70, mapigo 72.

NesiMstaafu
Angalia mapigo. Presha imeanguka 37, moyo umeongeza mapigo 4 tu. Damu ikiwa pungufu peke yake, moyo ungekimbia. Dawa yake ya kwanza ni ipi? Zipo dawa za presha zinazouzuia moyo kuongeza kasi. Na mzee ana kisukari?

Kitinda_Mimba
Ya kwanza ni amlodipini. Kisukari anacho, mwaka wa 12. Sikutaja kwa sababu kina kliniki yake na daktari wake, nikaona ni habari nyingine.

NesiMstaafu
Amlodipini inatanua mishipa, haiushiki moyo namna hiyo. Kisukari cha miaka mingi kinaweza kula mishipa ya fahamu inayopeleka zile amri za moyo na mishipa. Sisemi ndicho, hilo la daktari. Ila daktari wa presha ajue kuna kisukari, na wa kisukari ajue mzee anaanguka. Usisahau kuwaambia hiyo 158 ya kulala, maana ndiyo inayofanya kuchagua dawa kuwe kugumu.

Kitinda_Mimba
Tumepata nafasi Alhamisi. Kaka ndiye anampeleka, nimempa karatasi yenye namba zote. Kaisoma, kanyamaza, kisha kaniuliza kama na yeye naweza kumpima akiwa amesimama.