Imani gani kuhusu fimbo za gofu mmeiacha, na nini kiliwalazimisha kuiacha?

Mshale_wa_Upanga (Dar es Salaam)

Wanajukwaa, salaam. Nimecheza gofu kwa miaka kumi na mmoja, tisa nikiwa Nairobi na miwili ya mwisho hapa Dar es Salaam, na hendikepu yangu, yaani mapigo ya ziada ninayoruhusiwa kwa raundi (mchezaji bora huwa na machache), haijawahi kushuka chini ya 17. Niyasemayo ni maneno ya mchezaji wa kawaida.

Nilipohamia huku, ayani yangu namba 7, fimbo ya chuma ya masafa ya kati, ambayo Nairobi ilikuwa ikinipa yadi 160 bila kusitasita, ilianza kuishia kwenye yadi 148 au 150. Nikaamini mambo mawili kwa mpigo mmoja: kwamba hewa ya pwani ni nzito kwa sababu ya unyevu, na kwamba fimbo zangu, zilizokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, zilikuwa zimechoka kama springi za godoro kuukuu. La kwanza halikuwa na tiba. La pili nilidhani tiba yake ni fedha, nikanunua seti nyingine ya kisasa. Siku ya kwanza namba 7 mpya iliruka yadi 161, nikarudi nyumbani nikiwa kijana tena.

Furaha hiyo ilidumu miezi minne, mpaka jioni moja mwenzangu aliponiuliza nyuso za fimbo zangu zimelazwa nyuzi (digrii) ngapi, maana uso uliosimama zaidi hupeleka mpira mbali zaidi. Sikuwa na jibu. Tulipotafuta vipimo vya watengenezaji, tuliona kwamba namba 7 ya zamani ilikuwa na nyuzi 34 na mpya ina nyuzi 29, ilhali namba 6 yangu ya zamani ilikuwa na nyuzi 30. Kwa hesabu hiyo nililipia fimbo niliyokuwa nayo tayari, isipokuwa hii imechorwa 7 badala ya 6. Tena weji, fimbo ya mapigo mafupi, ya seti mpya ina nyuzi 43 na weji yangu ya mchanga ina 56, hivyo mpira wa yadi 95 au 100 sina fimbo yake. Napiga nusu nguvu na kuomba Mungu.

Naomba kujua ninyi mliamini nini kuhusu vifaa hivi, na ni kitu gani hasa kiliwageuza. Pia, je, niiuze seti hii nirudie ya zamani?

Mzee_Persimoni (Nairobi)

Ndugu yangu, pole kwa fedha, lakini kabla ya fimbo tuiondoe hiyo imani ya unyevu, maana umeitaja kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo unyevu hauifanyi hewa kuwa nzito. Kama una athari yoyote, huipunguzia uzito kidogo. Kilichokupokonya yadi zako ni mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyembamba, na mpira hukutana na ukinzani mdogo. Fimbo zako hazikuwa zimechoka. Zilikuwa zimeshuka mlima pamoja nawe.

Mimi nilikuwa mkaidi kuliko wewe. Mwaka 1978 nilikuwa miongoni mwa watazamaji kwenye uwanja wa Muthaiga Mhispania Seve Ballesteros aliposhinda mashindano ya Kenya Open, na wakati huo draiva, fimbo ya pigo refu la kuanzia, ilikuwa na kichwa cha mti wa persimoni, mpira nao ukiwa umesokotwa kwa uzi wa mpira ndani ya ganda laini. Draiva za chuma zilipoanza kuuzwa mwaka 1979, na hata baada ya Big Bertha, draiva ya chuma yenye kichwa kikubwa, ya mwaka 1991, niliapa kwamba chuma hakina roho. Sauti yake ilinikera kama sufuria iliyoangushwa jikoni. Nilibadilika kwa aibu: mkwe wangu, ambaye hadi leo hawezi kusimama vizuri mbele ya mpira, alinipita kwa yadi thelathini kwenye shimo la kwanza, na la pili, na la tatu, na mara mbili kati ya hizo aliupiga mpira kwa ukingo wa uso wa fimbo. Persimoni ingemwadhibu, chuma kikamsamehe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nikikiita roho ya fimbo kilikuwa ni ugumu wake tu, pamoja na fahari yangu ya kuuweza.

Kuhusu mipira, kedi (mbeba fimbo) wangu wa miaka mingi ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa nikidai kwamba kwa draiva naweza kuutambua mpira wa bei kubwa hata nikifumba macho. Siku moja akafuta majina ya mipira sita kwa wino mweusi, akanikabidhi mmoja baada ya mwingine. Nilikosea minne. Tuliposogea karibu na grini, pale penye nyasi fupi na shimo, kwenye mapigo mafupi ya yadi ishirini, nilitambua yote, kwa sababu mpira wenye ganda laini uliuma nyasi na kusimama, na ule mgumu ukaendelea kubingirika. Basi sikuacha kununua mpira mzuri. Niliacha kuununua kwa ajili ya draiva.

Dada_wa_Nyali (Mombasa)

Mzee, shikamoo. Nimecheka kwa habari ya mkwe.

Imani yangu haikuwa yangu, nilirithishwa na muuzaji. Nilipoanza, niliambiwa kwamba mwanamke hutumia mpini wenye herufi L, ule mlaini kuliko yote, nami sikuuliza kwa nini, kwa sababu kila mwanamke niliyemwona alikuwa nao. Kwa miaka sita mipira yangu ilipinda kushoto, na kwa miaka sita waalimu walinirekebisha mikono. Kisha nikaenda mahali wanapopima kasi ya kichwa cha fimbo kwa mashine, na kijana aliyekuwa akipima akaniuliza kwa upole nani alinichagulia mipini ile. Alinipa mpini wa R, ulio mgumu zaidi, ambao dukani huitwa wa wanaume, na mpira ukaanza kwenda nilikoukusudia. Si kila mara, lakini kwa kiasi cha kunifanya niwaombe radhi kimoyomoyo waalimu wangu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba herufi hizo hazina kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. R ya kampuni moja yaweza kuwa ngumu kama S, daraja linaloizidi kwa ugumu, ya kampuni nyingine. Hivyo nawasikitikia pia wanaume wanaobeba S kama cheo cha jeshini.

Fundi_Mipini (Arusha)

Ninatengeneza na kurekebisha fimbo, kwa hiyo nitajibu swali la mwisho la ndugu wa Upanga, ambalo wengine wamelipita.

Usiuze kwa hasira. Ni kweli kwamba namba iliyochorwa chini ya fimbo haina sheria, lakini si haki kusema umeuziwa namba 6 yenye jina jipya. Vichwa vya siku hizi vingi vimewekewa uzito chini na nyuma, na kwa sababu hiyo mpira hupaa juu ingawa uso umesimama zaidi. Namba 6 ya zamani yenye nyuzi 30, ukiigonga nje kidogo ya katikati, mpira huruka chini na kuanguka mapema. Hii mpya huenda ikaulinda. Zipige zote mbili uone.

Kuhusu fimbo kuchoka, ayani ya chuma haipungui nguvu kwa umri. Kinachokwisha ni mifereji ya usoni, hasa kwenye weji, na hilo utalihisi zaidi kwenye nyasi zilizolowa kuliko kwenye fewei kavu, ile njia ya nyasi zilizokatwa. Kisha gripu, kishikio cha fimbo, hukauka na kuwa ngumu, nawe ukaanza kuikaba fimbo bila kujijua. Nusu ya wateja wanaokuja kwangu wakitaka seti mpya wangetosheka na gripu mpya. Hii si habari njema kwa biashara yangu, lakini ndivyo ilivyo.

Pengo la nyuzi 13 ndilo tatizo lako halisi. Tafuta weji ya nyuzi 48 au 49, na ukiweza pia ya 52, kisha utoe fimbo usiyoitumia, maana kanuni haziruhusu zaidi ya fimbo 14. Fimbo za chuma kilichofuliwa naweza kuzikunja nyuzi moja au mbili bila shida, ila ujue kwamba kuulaza uso zaidi hubadilisha pia namna tumbo la fimbo linavyogusa ardhi.

Mshale_wa_Upanga (Dar es Salaam)

Nimerudi na matokeo. Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaamka, nilipiga mipira ishirini kwa namba 6 ya zamani na ishirini kwa namba 7 mpya, kedi akisimama mbele na kuweka alama kila mpira ulipoangukia. Mipira bora kabisa ya fimbo hizo mbili iliangukia karibu mahali pamoja, na hapo nilitaka kumwandikia Fundi kwamba nilikuwa sahihi. Lakini mipira mibaya ya namba 6 ilisambaa kama kuku waliotupiwa jiwe, mitano ikiwa pungufu kwa yadi ishirini na zaidi, ilhali ya namba 7 mpya ni miwili tu iliyopungua kiasi hicho. Kwa mtu wa hendikepu 17, mipira mibaya ndiyo mchezo wenyewe.

Basi seti inabaki. Nimeagiza weji ya nyuzi 49, nimeitoa ayani namba 4 ambayo sikumbuki lini niliipiga ikanyooka, na nimebadilisha gripu za seti ya zamani ili nimpe mpwa wangu anayeanza. Nitamwambia nyuzi zake kabla hajauliza namba.

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa somo la mvuke. Nimelipeleka kilabuni, na mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyekubali.

Mzee_Persimoni (Nairobi)

Marahaba. Usiwabishie. Waalike Nairobi na fimbo zao walizozoea, na siku hiyo ucheze nao kwa dau.