Houston: Gari limevutwa kwenye pakingi ya walemavu na kadi ya mama ilikuwa kwenye kioo. Naomba ushauri

Mtoto wa Tandale
Habari zenu wakuu. Niko Houston, Texas. Jumapili nilimpeleka mama kumsalimia shangazi, anakaa kwenye yale majengo ya kupanga yenye geti na pakingi ya wote. Mama alipata kiharusi, anatumia kiti cha magurudumu, na ana ile kadi ya buluu ya walemavu, haijaisha muda. Nikaegesha kwenye nafasi ya walemavu, kadi nikaitundika kwenye kioo cha ndani, nikamsukuma mama hadi kwa shangazi.

Kutoka baada ya chakula, gari hakuna. Nilijua limeibwa. Mlinzi ndiye akaninyooshea kidole kwenye bango lenye namba ya simu ya yadi wanakolaza magari waliyoyavuta.

Napiga simu, jamaa wa yadi anasema dereva wa bredauni aliniona natembea mzima kabisa, kadi si yangu, kwa hiyo nimedanganya. Wanataka zaidi ya dola 300 na kila siku inapanda. Sasa je, nikilipa si nitakuwa nimekubali kosa? Na malalamiko yanapelekwa wapi? Mama amejilaumu tangu jana, anasema bora angebaki nyumbani.

Mama Shani TX
Pole mwanangu, na mpe pole mama. Kalitoe gari leo. Kulipa ili utoe gari hakukuondolei haki ya kudai. Ukisubiri ushinde kwanza, pesa ya kulaza gari itakula kuliko ya kulivuta. Yadi za Texas zinalazimika kupokea kadi ya benki, wasikuambie keshi tu. Dai risiti iliyochanganuliwa, kila tozo na mstari wake, na usome karatasi yoyote kabla ya kutia sahihi.

Bwana Mizigo
Lipa usahau. Hao wa bredauni ni wababe, na mahakama utapoteza siku ya kazi. Mimi walinivuta nikalala nalo moyoni, maisha yakaendelea.

Mzee wa Alief
Bwana Mizigo, wanategemea watu kama wewe ndugu yangu.

Mtoto wa Tandale, sikiliza. Texas kuna sheria ya mambo haya, sura ya 2308 ya Occupations Code. Mwenye gari, au aliyekuwa analiendesha, ana haki ya kusikilizwa na jaji wa JP, zile mahakama ndogo za kaunti. Unapeleka maombi mahakama ya kaunti gari lilipovutwa, si unapoishi. Muda ni siku 14 tangu gari liingie yadi, Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Usizitumie zote. Kuna ada ya kufungua, na jaji anatakiwa akusikilize ndani ya siku 21 tangu uombe.

Pale jaji anaangalia mambo mawili tu: je, kulikuwa na sababu halali ya kulivuta, na je, walikutoza kupita kiwango. Ukishindwa, gharama zako zinabaki kwako. Ukishinda, wanakurudishia.

Hilo la "kadi si yako" ni upuuzi. Sheria inaruhusu gari linaloendeshwa na mlemavu AU linalombeba mlemavu, mradi kadi ionekane. Mama yako angeendeshaje mwenyewe? Dereva alikuona wewe, hakumwona mwanamke kwenye kiti cha magurudumu mbele yako?

Fundi wa Gereji
Pole kaka, ila niulize kabla watu hawajakupa moyo bure. Tairi zilikuwa ndani ya mistari? Pembeni ya nafasi za walemavu kuna eneo lenye mistari ya mshazari, ni la kushushia kiti. Ukilizuia hilo, kadi haikuokoi hata iwe ya rais. Nimeona wengi wanashindwa hapo, si kwenye kadi.

Mtoto wa Tandale
Shukrani wakuu. Nimelitoa gari mchana huu. Fundi, swali lako nililibeba hadi yadi. Nikawaomba picha za dereva, dada wa dirishani akanionyesha, nikazipiga kwa simu yangu. Tairi ziko ndani kabisa. Ila picha zote zimepigwa kwa nyuma, kioo cha mbele hakionekani. Kwenye karatasi, aliyeidhinisha kuvuta ni ofisi ya majengo.

Mzee wa Alief
Safi sana! Picha za nyuma ya gari pekee zinakusaidia wewe. Kadi inatundikwa mbele. Kama hakwenda mbele, alijuaje haipo au si halali?

Sasa fanya hivi. Kwenye maombi andika jina la aliyeidhinisha kama lilivyo kwenye karatasi, usiandike yadi peke yake. Rudi ukapige picha mabango yote, kuanzia la getini, maana mahakama inataka picha ya bango au maelezo kwamba halikuwepo. Beba kadi yenyewe: ina tarehe ya kuisha na sehemu ya namba ya kitambulisho cha mama, unalinganisha na kitambulisho chake. Na mama aje, kama afya inaruhusu. Jaji akimwona hutahitaji hotuba.

Mama Shani TX
Na kama Kiingereza cha mahakamani kinakutisha, omba mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa maandishi. Usisubiri asubuhi ya kesi, mkalimani wa Kiswahili hakai koridoni kama wa Kihispania.

Kipepeo
Mimi nilisikia unalipwa dola 1,000 na mara tatu ya ulichotozwa. Kweli au hadithi za saluni?

Mzee wa Alief
Ni kweli ipo kwenye sura hiyohiyo, lakini ni mpaka uthibitishe walivunja sheria kwa kukusudia, kwa kujua au kwa kutojali kabisa. Hayo ni madai mengine, mazito. Arudishiwe kwanza hela yake. Kampuni na yadi anaweza pia kuzishtaki kwa TDLR, idara ya leseni ya Texas, ndiyo inayowapa leseni.

Bwana Mizigo
Haya nimenyamaza. Ila swali: ukiwakuta bado wanafunga minyororo?

Fundi wa Gereji
Kama gari limeshafungwa tayari kuvutwa lakini halijatoka pakingi, unalipa tozo ya kulishusha palepale, ndogo kuliko ya kulivuta, na wanakuachia. Usipande juu ya bredauni tu, nimeshaona mtu anafanya.

Mtoto wa Tandale
Fomu nimeshaipata kwenye tovuti ya kaunti. Mama anauliza avae gauni gani.

Mama Shani TX
La kanisani.