Tupeane uzoefu: mboga za uani na vyombo vikuukuu vinavyotuokolea pesa ya matumizi

Mwanzisha mada, Mbagala

Wadau, salaam. Mada hii ni yetu sisi tunaokula tunachopanda uani na tusiotupa kitu mpaka kimemaliza kazi zake zote. Naomba kila mtu aeleze anachofanya kweli nyumbani kwake, na aeleze kinaga-ubaga, ili msomaji aweze kujaribu leo leo.

Naanza mimi. Nimepanga, na uani pananitosha kuanika nguo tu, kwa hiyo nalima kwenye viroba vya mchele. Kinachofanya kiroba kizae ni nguzo ya kokoto katikati. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, toa kitako, lisimamishe katikati ya kiroba kisha lijaze kokoto. Pembeni jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Udongo ukifika usawa wa kopo, livute juu taratibu. Kokoto zinabaki mahali pake. Lijaze tena, endelea hivyo hivyo mpaka juu. Ukimwagilia, maji yanashuka kwenye kokoto na kusambaa hadi chini. Bila nguzo hiyo yanaishia juu, na miche ya ubavuni inanyauka.

Ubavuni natoboa matundu na kupandikiza chainizi na sukuma wiki, juu namwaga mbegu za mchicha. Mchicha wiki ya tatu au ya nne uko tayari. Msiung'oe! Kateni shina mkibakiza kipande chenye vichipukizi, utatoa tena. Jua likishakila kiroba kikaanza kumeguka, nahamishia udongo kwenye kingine kabla vipande havijatapakaa uani.

Haya, nani anafuata?

Mdau, Dodoma

Asante kwa mada, ndugu yangu. Sisi huku mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba na ikifika Aprili inaaga. Kwa hiyo elimu yetu kubwa ni kukausha. Bibi yangu hakuwahi kununua mboga kiangazi, na mimi nafuata nyayo zake.

Majani ya kunde nayachuma yakiwa machanga, nayatumbukiza kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, yakilegea tu natoa. Nayachuja na kuyatandaza kwenye ungo, kivulini penye upepo. Wengi wanaanika juani kwa sababu yanakauka haraka, lakini jua kali linapunguza vitamini A na mboga inapauka. Juu nafunika kwa pazia jepesi la zamani kuzuia nzi na vumbi. Chandarua chenye dawa kisiguse chakula hata kidogo. Kama kimechakaa, kizungushieni kitalu kuzuia kuku.

Siku ya kupika naloweka kwenye maji ya vuguvugu, nachemsha mpaka yalainike, halafu naweka kitunguu, nyanya na karanga zilizosagwa. Moto mdogo, koroga mara kwa mara, maana karanga hushika chini. Kwa ugali wa uwele, hiyo mboga haina mpinzani.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam aleykum. Nami nataka kuzungumzia nazi, kwani naona watu wa mijini wanachukua tui na kutupa yaliyobaki, na inaniuma.

Makumbi nayatandaza chini ya migomba na minyanya, yanahifadhi unyevu wakati wa kiangazi. Kifuu kizima nakitoboa chini na kuoteshea mche wa pilipili. Kilichopasuka ni kuni nzuri. Marehemu babu alikuwa akichonga upawa kwa kifuu na kipande cha mti, na mmoja bado naupakulia mchuzi hadi leo. Machicha, yaani nazi iliyokunwa ikishakamuliwa tui, wanakula kuku, nao wananirudishia mbolea.

Sasa boga. Ukivuna boga lako, kata vipande vikubwa, menya, na mbegu usizitupe: zioshe, zikaushe, zikaange na chumvi, watoto watatafuna. Kamua tui zito uliweke kando. Boga lichemshe kwa tui jepesi pamoja na chumvi kidogo, sukari kiasi upendacho na iliki tatu nne zilizopondwa. Likiiva bila kuvurugika, mimina tui zito, tikisa sufuria badala ya kukoroga, acha lichemke kidogo tu uepue. Mwezi wa Ramadhani ndiyo futari yetu, na kilichonunuliwa dukani ni sukari na iliki.

Mdau, Nairobi

Hamjambo wenzangu. Mimi ninakaa Kayole, na shida yetu ni maji, mfereji (bomba) hukauka siku nyingi. Chupa ya soda ya lita 2 ninakata kitako, natoboa kifuniko kwa sindano ya moto, halafu naichimbia kichwa chini kando ya mche. Nikijaza asubuhi, mche unakunywa polepole mchana kutwa. Maji ya kuosha mchele na mboga yote huenda huko.

Ninapanda managu, mboga ambayo Tanzania mnaiita mnavu. Nikishachemsha, namwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, nakaanga na kitunguu, namimina maziwa, naacha yalale usiku mmoja ndani ya sufuria mahali pa baridi. Kesho yake napasha moto vizuri. Jaribuni, tafadhali.

Mama wa watoto wanne, Mwanza

Sisi Wasukuma viazi vitamu ndiyo benki yetu. Vikimenywa na kukatwa vibichi vikaanikwa, ni michembe. Vikichemshwa kwanza, ni matobolwa. Watoto wanakwenda navyo shule, hatununui maandazi.

Nina swali kwa wote: nyanya zinaiva zote kwa mpigo. Mnazihifadhije bila friji?

Mdau, Morogoro

Dada wa Mwanza, mimi nazifunga kwenye mitungi ya kioo ya jamu yenye vifuniko vizima visivyo na kutu. Mitungi naiosha na kuichemsha. Nyanya nazimwagia maji ya moto, namenya, naponda, napika mpaka rojo inakuwa nzito. Kila lita 1 naweka vijiko 2 vya mezani vya maji ya ndimu. Ndimu hiyo usiiache hata kama hupendi uchachu, kwa sababu nyanya nyingine hazina asidi ya kutosha kuzuia vijidudu hatari. Kwa sababu hiyo hiyo mboga za majani na maharage msiyafungie hivi, yakausheni.

Namimina rojo ikiwa ya moto, nabakiza nafasi ya kidole juu, nafunga. Chini ya sufuria kubwa natandika kipande cha kanga kuukuu ili mitungi isigongane na kupasuka, namimina maji hadi yaifunike, nachemsha dakika 50. Ikipoa, bonyeza katikati ya kifuniko. Kikibonyea na kurudi juu, mtungi haukushika: tumia nyanya hizo siku hiyo hiyo.

Mwanzisha mada, Mbagala

Naongeza jambo moja kabla hatujaendelea. Ndoo na madumu ya kupandia yawe yaliyobeba chakula: mafuta ya kula, siagi, maji. Lililobeba dawa ya wadudu au kemikali ya kiwandani usipandie mboga, hata ulioshe mara ngapi.

Wa Tanga, Bukoba na Lubumbashi, bado tunawasubiri. Kisamvu mnakitwanga na nini, na mnakichemsha muda gani kabla ya kuweka nazi au mawese?