Klachi ya Land Cruiser ya utalii: ya kwanza ilidumu, ya pili imekufa mapema

Dereva wa Karatu

Heshima kwenu nyote. Naomba ushauri wa mafundi na madereva wenye uzoefu wa magari ya porini. Ninaendesha Land Cruiser ya utalii yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na tabo, ambayo chasisi yake ilirefushwa na ikawekewa paa la kunyanyuka ili wageni wasimame kutazama wanyama. Njia zangu wengi wenu mnazijua: kutoka Arusha hadi Makuyuni na Karatu ni lami, kisha geti la Lodoare, ukingo wa Ngorongoro, na kutoka hapo vumbi na mawe hadi geti la Naabi na Serengeti ya kati. Wakati wa masika gari hili hili huingia kwenye udongo mweusi, ule unaonata kwenye tairi hadi matundu ya kashata, yaani meno ya tairi, yote yanaziba.

Klachi niliyoikuta na gari ilibadilishwa ilipofika kilomita 138,000. Iliyofuata imeanza kuteleza baada ya kilomita 41,000 tu. Wiki iliyopita nilikuwa napanda kutoka bondeni Ngorongoro kwa barabara ya Lerai, nikiwa na wageni saba, gia ya pili. Katika kona ya tatu nilikanyaga mafuta, injini ikapandisha sauti lakini gari halikuongeza mwendo, na harufu kama ya nywele zilizoungua ikaingia ndani. Barabara ile ni ya kupanda tu, huwezi kugeuza. Nilivuta breki ya mkono, nikasubiri kama dakika kumi na tano, nikaingiza gia nzito ya lo, ile ya nguvu nyingi na mwendo mdogo, na kupanda taratibu hadi juu, huku moyo ukinidunda kwa sababu nilikuwa nimebeba roho za watu.

Maswali yangu ni mawili. Klachi ya gari la kazi kama hii inapaswa kudumu kilomita ngapi? Na je, krosi za propela (viungo vya ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye ekseli), difu (boksi la meno la kwenye ekseli) na beringi za magurudumu nazo zina umri wa kuhesabika, ili nizibadilishe kabla hazijaniangusha porini? Mwaka jana tuliweka tairi kubwa kidogo kuliko zile za 7.50R16 zilizokuja na gari. Klachi iliyokufa ilifungwa na gereji moja ya mjini, na sikuwepo siku ya kuifunga.

Fundi wa Unga Limited

Kaka, pole kwa yaliyokukuta Lerai, na ulifanya vyema kusimama na kuiacha ipoe.

Nianze na swali la kilomita, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Klachi huchakaa pale tu flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na klachi pleti (sahani inayoshikana nayo) zinapozunguka kwa kasi tofauti, yaani katika zile sekunde chache za kuondoka, kubadilisha gia au kulishikilia gari kwenye mlima kwa nusu klachi. Ikishashika vizuri, unaweza kwenda kutoka Arusha hadi Dodoma na isipungue hata unene wa karatasi. Ndiyo maana gari la masafa ya lami linaweza kupita kilomita 150,000 kwa klachi moja, na gari jingine la aina ile ile, la mwaka ule ule, likaimaliza kabla ya 50,000. Kilomita zimeandikwa kwenye dashibodi, lakini klachi inahesabu joto.

Joto lenyewe lina hesabu yake, na ningependa kila dereva aielewe. Gari linapoondoka kutoka kusimama mahali tambarare, klachi hula kwa njia ya joto kiasi cha nguvu kinachokaribia kile ambacho gari linakipata kama mwendo hadi pale klachi inaposhika kabisa. Nguvu hiyo hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Sasa gia ya lo kwenye gari lako hupunguza mwendo kwa takriban mara mbili na nusu. Maana yake ni kwamba ukiondoka kwa lo, klachi inashika gari likiwa na mwendo mdogo mara mbili na nusu, na joto linalozalishwa hupungua karibu mara sita. Gari lako lililorefushwa, lenye wageni saba, friji, mizigo na tairi mbili za akiba, linaweza kuzidi tani tatu. Kuliondoa kwenye mlima kwa gia ya kawaida ni kulipa mara sita kwa kitu ambacho ungelipia mara moja.

Tairi kubwa nazo zimo. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia kumi, ni sawa na kuzifanya gia zote kuwa nyepesi kwa asilimia kumi, na anayebeba tofauti hiyo wakati wa kuondoka ni klachi.

Hata hivyo, kutoka 138,000 hadi 41,000 ni pengo kubwa mno kwa tairi peke yake. Kabla ya kumlaumu dereva au spea, shusha giaboksi na uangalie mambo haya kwa macho yako. Je, klachi pleti ina mafuta? Kama ina mafuta, ni ya injini au ya giaboksi? Chukua kidogo kwenye kidole ukanuse: ya injini ya dizeli ni meusi kama wino, na ya gia yana harufu kali ya salfa. Je, uso wa flaiwili una madoa ya buluu au nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka? Na ribiti za pleti, zile pini zinazoshikilia uso wake, zimebaki na kina gani? Toyota wanataka kichwa cha ribiti kiwe kimezama angalau milimita 0.3 chini ya uso wa pleti. Chini ya hapo, pleti imekwisha. Nipe majibu ya hayo kwanza.

Dereva mstaafu, Mto wa Mbu

Mwanangu, fundi ameeleza vizuri sana. Mimi nitasema lile ambalo fundi halioni akiwa gereji, kwa sababu linatokea mbele ya simba.

Unafika mahali ambapo magari kumi na mawili yamejipanga. Mgeni anasema sogea kidogo, kuna kichaka. Unasogea nusu mita. Mwingine anasema rudi kidogo, jua linaingia kwenye kamera. Unarudi. Saa nzima unacheza nusu klachi mbele na nyuma, gari limejaa, hakuna upepo wa kupoza chochote, na jioni unahesabu kwamba umetembea kilomita moja. Kilomita hiyo moja ni mbaya kuliko safari nzima ya kutoka Makuyuni hadi Karatu. Wapo vijana wazuri sana wa kuendesha, wanaojua kila ndege kwa jina lake, lakini mguu wao wa kushoto haujawahi kufundishwa kupumzika.

Mimi nilikuwa nafanya hivi: nikikaribia kundi la magari, nahakikisha habu za mbele (vile vifungio vya magurudumu ya mbele) zimefunguliwa, kisha naingiza lo. Habu zikiwa zimefunguliwa, magurudumu ya mbele hayavutwi, kwa hiyo unapata gia nzito kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Usukani unabaki mwepesi, unaweza kukata kona bila gari kujikaza, na gari linatambaa lenyewe klachi ikiwa imeachiwa kabisa. Lakini angalia: hiyo ni ya kusogea taratibu mahali pakavu tu. Usijaribu kuchomoka kwenye tope namna hiyo, kwa sababu nguvu yote iliyozidishwa na lo itapita kwenye propela moja na difu moja, na kitakachosalimu amri ni saidi shafti (mtaimbo unaozungusha gurudumu) au meno ya difu. Kwenye tope funga habu kwanza, kabla hujanasa, maana ukishanasa utazifunga ukiwa umepiga magoti kwenye matope.

Na uking'olewa kwenye tope kwa kurudi nyuma, nyoosha usukani. Usukani uliokatwa hadi mwisho huku umekanyaga mafuta ndio unaovunja jointi za ekseli ya mbele.

Msafiri wa Isiolo

Salamu kutoka Kenya. Mimi nina Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, na kwa miaka mingi nimeiendesha kati ya Isiolo, Marsabit na Moyale, tangu kabla lami haijafika huko, wakati barabara ilikuwa na mawimbi kama bati kutoka asubuhi hadi jioni. Naongeza uzoefu wa upande huo ili msomaji mwenye Land Rover asidhani kwamba yote yaliyosemwa yanamhusu sawasawa.

Kwanza, Defender huvuta magurudumu manne wakati wote, kwa hiyo ile njia ya mzee ya kufungua habu haipo kwetu. Hata hivyo lo yake inaweza kutumika popote, hata kwenye lami, mradi difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, haijafungwa. Nayo ni nzito zaidi, inapunguza mwendo mara 3.32.

Pili, siyo kila klachi inayokataa kufanya kazi imechakaa. Kwenye 300Tdi uma wa klachi, kile chuma kinachosukuma beringi, hutobolewa na kichwa cha pini unachoegemea. Siku moja, nikiwa mbali na mji wowote, pedali ilienda chini na klachi haikufanya kazi. Nilibadilisha masta silinda (pampu ya pedali ya klachi) na kutoa upepo mara tatu kabla ya kugundua kwamba mafuta ya breki yanayosukuma klachi hayakuwa na kosa. Sasa kila giaboksi inaposhuka, naweka uma ulioimarishwa kwa chuma cha ziada, hata kama wa zamani unaonekana mzima.

Tatu, chini ya nyumba ya klachi ya Defender kuna tundu dogo. Unalifunga kwa kizibo kabla ya kuvuka maji mengi, na baada ya kuvuka unapaswa kukitoa. Ukikisahau, mafuta yanayovuja kutoka sili yoyote (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje) yatajikusanya humo na kuloweka klachi bila wewe kuona tone hata moja chini ya gari. Usipokiweka kabisa, maji na matope yataingia.

Kuhusu maji, difu iliyotoka kwenye safari ndefu ina joto. Ukiiingiza ghafla kwenye mto wa baridi, hewa iliyomo husinyaa na kunyonya maji kupitia sili, hasa kama kipumulio chake, tundu la kupitishia hewa, kimeziba kwa vumbi. Nimefungua difu baada ya wiki mbili za mvua na oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Nilirefusha mpira wa kipumulio hadi juu karibu na injini, na tangu hapo sijaiona rangi hiyo tena.

Dereva wa Karatu

Nimerudi, na nawashukuru wote. Leo tumeshusha giaboksi nami nilikuwepo tangu asubuhi.

Tuliitandaza klachi pleti juu ya gunia. Nusu yake ilikuwa kavu, na nusu ilikuwa na ukungu wa mafuta meusi, yaliyoungua na kuwa kama lami kwenye mifereji. Nilinusa kama fundi alivyosema: hakuna salfa. Nyuma ya flaiwili, sili ya krenki ilikuwa imekakamaa, na ukiipitisha kidole unahisi mdomo wake umekuwa mgumu kama plastiki. Ribiti zilikuwa bado zimezama, zaidi ya milimita moja kwa upande ulio mkavu. Kwa hiyo pleti ilikuwa na maisha mengi bado.

Flaiwili ina madoa ya buluu matano na mikwaruzo ya duara ambayo ni mizee, kutu imeshaingia ndani yake. Hiyo inanionyesha kwamba klachi mpya ilifungwa juu ya uso ule ule uliochoka, na sili ile ile. Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili nayo inakwaruza ikizungushwa kwa mkono. Nimeumia, kwa sababu mwenye gari alilipia kazi kamili.

Swali langu la mwisho kwa fundi: flaiwili ichongwe au inunuliwe nyingine? Na naomba unijibu kuhusu krosi na difu.

Fundi wa Unga Limited

Kaka, sasa umeona mwenyewe. Kushusha giaboksi ndiyo kazi. Vitu vidogo vilivyo nyuma yake ni rahisi ukilinganisha na kushusha mara ya pili. Badilisha pamoja klachi pleti, presha pleti (inayoibana klachi pleti), beringi ya klachi, beringi ndogo ya katikati na sili ya krenki. Hata sili ya mbele ya giaboksi ibadilishe, ijapokuwa haijavuja.

Flaiwili ipeleke kwa mchongaji mwenye mashine nzuri. Madoa ya buluu peke yake yakitoka kwa kuchonga kidogo, itumie. Kama kuna ufa unaoshika ukucha baada ya kuchongwa, usiirudishe kwenye gari la abiria. Ukimaliza kufunga, safisha nyuso zote mbili kwa kisafisha breki, usiguse kwa mikono yenye grisi, na kwa kilomita mia chache za kwanza usipande Lerai na mzigo kamili, ili nyuso zizoeane.

Krosi za propela sizipi umri. Nazipa grisi. Katika kazi yako mimi napiga grisi kila baada ya safari ya Serengeti, na siku ile ile gari linapotoka majini, hadi ya zamani itoke kwenye sili zote nne za krosi na ije safi. Usisahau nipeli ya sehemu inayoteleza ya propela. Krosi inayokaribia kufa hutoa unga wa rangi ya kutu pembeni mwa kikombe chake, na baadaye mlio mfupi wa chuma unapobadilisha kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiona unga, badilisha kabla ya safari.

Difu, fungua boliti ya kujazia kila baada ya mvua kubwa na uchovye kidole. Ikiwa safi na imejaa, iache. Ikiwa na rangi aliyoitaja ndugu yetu wa Isiolo, imwage siku hiyo hiyo, na uangalie kizibo cha kumwagia: unga laini wa chuma ni wa kawaida, lakini kipande unachoweza kukiokota kwa vidole ni jino la kitu fulani.

Sili ya krenki niletee uione ikiingia. Nitaifunga Alhamisi asubuhi.