Naomba ushauri: kadi za Krismasi za kutuma kwa posta na mapambo ya dirisha, hapa Dresden

Nuru wa Tukuyu (Novemba 12)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Ninaishi Dresden, katika jimbo la Sachsen, na huu ni msimu wangu wa tatu wa baridi.

Mwaka jana nilitengeneza kadi za Krismasi kwa mikono yangu. Nilichagua bahasha za mraba za kijani kilichokolea, nikaandika anwani kwa wino wa dhahabu, kisha kila bahasha nikaifunga kwa lakiri nyekundu na kuigonga muhuri wa shaba wenye nyota. Zilipendeza sana zilipokuwa mezani. Kati ya kadi 24 nilizotuma, 9 zilirudi zikidai nyongeza ya stempu, na ile iliyokwenda kwa mama Tukuyu ilifika mwezi Februari, ikiwa imechanika pembeni na lakiri imepukutika yote. Mama aliniuliza kwa simu zile chembe nyekundu zilizokuwa ndani ya bahasha ni dawa ya kitu gani.

Mwaka huu nataka kadi zenye uzuri uleule, lakini zifike. Naomba pia ushauri kuhusu nyumba. Dirisha letu la sebuleni linatazama barabara, na majirani wote huweka nyota na taa kuanzia mwisho wa Novemba. Binti yangu wa miaka sita ameniuliza kwa nini dirisha letu peke yake lina giza, na sikuwa na jibu la kumpa. Sina fedha nyingi za mapambo, na ningependa kitakachowekwa pale kiwe na angalau kitu kimoja cha kwetu.

Mzee wa Stempu

Marahaba, binti yangu. Nilifanya kazi ya posta nyumbani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa niko kwa mwanangu Leipzig, kwa hiyo suala lako nimelisoma mara mbili.

Tatizo la kwanza ni umbo la bahasha. Hapa Ujerumani barua ya kawaida haitakiwi kuzidi gramu 20 wala unene wa milimita 5, na urefu wake sharti uwe angalau mara 1.4 ya upana wake. Bahasha ya mraba, hata iwe nyepesi namna gani, haitimizi sharti hilo la mwisho, hivyo huhesabiwa kuwa barua kubwa na hudaiwa nauli ya barua kubwa. Nunua bahasha za C6, zenye milimita 162 kwa 114. Ukigawanya utaona kwamba zinapita, ingawa kwa tofauti ndogo. Kadi ya kukunja ya karatasi ngumu ikiwa ndani ya bahasha hiyo huwa na gramu 12 au 13 hivi, na ukurasa mmoja wa kawaida wa A4 una gramu 5, maana yake unayo nafasi ya kumwandikia mama ukurasa mmoja kamili. Ukiongeza wa pili unavuka kiwango, kwa hiyo andika pande zote mbili.

Tatizo la pili ni lakiri. Barua hupita kwa kasi kubwa katikati ya mikanda na magurudumu ya mashine ya kuchambulia, na kinundu kigumu kama lakiri huvunjika au hunasa, kikachana bahasha yake na pengine ya mtu mwingine iliyo nyuma yake. Lakiri itumie kwenye kadi utakazowapa majirani mkononi. Kwa zile za posta, funga mdomo wa bahasha kwa kibandiko cha karatasi, ambacho chenyewe ni desturi ya heshima: mwaka 1904 karani wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, alianzisha vibandiko vya Krismasi vilivyouzwa ili kupata fedha za kuwasaidia watoto wenye kifua kikuu, na nchi nyingine zikaiga. Kumbuka tu kwamba kibandiko si stempu, hivyo usikiweke mahali pa stempu.

La tatu ni rangi. Mashine husoma anwani kwa kamera, na wino wa dhahabu juu ya kijani kilichokolea ni vigumu kusomeka hata kwa macho yangu. Chagua bahasha nyeupe au ya rangi hafifu, andika anwani kwa wino mweusi au wa bluu, na milimita 15 za chini upande wa mbele uziache tupu kabisa, kwa sababu hapo ndipo mashine huchapa alama zake. Dhahabu yako ihamishie nyuma ya bahasha na ndani ya kadi. Kila mwaka hutolewa pia stempu maalumu ya Krismasi, ambayo bei yake ina nyongeza ndogo inayokwenda kwa mashirika ya misaada. Iulizie kwenye dirisha la posta, kwa sababu stempu nzuri iliyobandikwa sawasawa ni pambo tosha kwa upande wa mbele.

Kadi za Tanzania ziweke sandukuni kabla Novemba haijaisha. Andika namba ya sanduku la posta la usharika au la shule ambako mama huchukulia barua zake, na jina la nchi liwe mstari wa mwisho kwa herufi kubwa.

Mwalimu wa Chekechea

Dada Nuru, mimi hufundisha watoto wadogo hapa Hannover, na ningependa binti yako awe na sehemu yake katika kadi hizi. Mpe muhuri wa kiazi. Kata kiazi kikubwa katikati kwa kisu chenye makali ili uso wake uwe bapa, chora nyota kwa kalamu, kisha wewe mwenyewe punguza nyama ya pembeni kwa kina cha nusu sentimita hivi mpaka nyota ibaki imesimama. Siri iko kwenye kukausha: kiazi hutoa maji, na maji hayo huifanya rangi isambae, kwa hiyo kigandamize juu ya kitambaa kikavu kwa dakika kadhaa kabla ya kupaka rangi, na urudie kila baada ya mihuri mitano au sita. Paka rangi kwa brashi na usikichovye, kwani ukichovya, kingo hujaa na nyota hugeuka kuwa doa. Alama zitakuwa bapa kabisa na haziongezi unene wowote.

Jambo jingine: mwache mtoto aandike barua yake kwenda Himmelpfort, katika jimbo la Brandenburg. Jina la kijiji hicho lina maana ya lango la mbinguni, na tangu mwaka 1984 barua za watoto zinazopelekwa huko kwa Baba Krismasi hujibiwa, na jibu hurudi likiwa na muhuri maalumu wa posta. Iende mapema, na anwani ya mtoto iandikwe na mtu mzima ili jibu lisipotee.

Binti Karafuu

Assalaam alaykum, dada Nuru. Mimi ni Mpemba niliyeolewa Hamburg. Krismasi si sikukuu yangu, lakini kila Desemba jirani zangu huniletea biskuti, nami huwapelekea machungwa yaliyochomekwa karafuu, ambayo ni pambo la zamani sana hapa Ulaya. Nilipoliona kwa mara ya kwanza kwenye gulio la Krismasi nilisimama nikashindwa kuondoka. Karafuu ambazo nyumbani tulizianua kwenye majamvi kwa gunia zilikuwa pale zimepangwa moja moja kama shanga, na watu wanainama kuzinusa.

Chagua chungwa gumu lenye ngozi nene, lifute likauke, kisha toboa kwa kijiti cha meno kabla ya kuchomeka, la sivyo kidole gumba kitauma kabla hujafika nusu. Usizibananishe, kwa kuwa chungwa hunywea linapokauka, na karafuu zilizosongamana husukumana zikatoka. Likishajaa, liviringishe kwenye unga wa mdalasini, ulifunge utepe, ulitundike mahali pakavu penye hewa. Usilitundike jikoni juu ya sufuria inayochemka.

Machungwa mengine yakate vipande vya milimita 5, uyafute maji kwa kitambaa, uyapange kwenye waya wa oveni kwa nyuzi 90 hadi 100 kwa saa 3 au 4, ukiyageuza kila mara, na mlango wa oveni uushikize kwa mwiko ili mvuke utoke. Mtu akiyatundika dirishani kwa uzi, jua dogo la Desemba likapita ndani yake, utaona rangi ambayo hakuna pambo la dukani linaloifikia.

Nuru wa Tukuyu

Nashukuru sana. Naomba kuuliza: je, naweza kutia kipande kimoja cha chungwa lililokaushwa, au kitawi kidogo cha msonobari, ndani ya kadi ya mama? Ningependa anuse jinsi nyumba yetu inavyonukia.

Mzee wa Stempu

Hapana, binti yangu, usifanye hivyo. Barua ya kawaida inayotoka Ujerumani kwenda nje ya nchi inaruhusiwa kubeba maandishi na karatasi tu. Bidhaa, hata iwe ndogo, hutakiwa kwenda kwa utaratibu mwingine wenye fomu ya forodha, na mimea ina masharti yake ya afya ambayo huwezi kuyatimiza kwa kitawi kimoja. Hata kama isingekatazwa, kipande hicho kingesagika njiani. Mtumie picha ya dirisha iliyochapishwa, na ule ukurasa mmoja utumie kumweleza harufu hiyo kwa maneno. Mama ataisoma barua hiyo mara nyingi.

Mwana wa Rungwe

Dada, umesema unataka kitu cha kwetu, nawe unaishi mwendo mfupi tu kutoka mahali ambapo jambo letu kubwa lilianzia. Mji wa Herrnhut uko mashariki ya Dresden, katika jimbo hilohilo la Sachsen. Huko ndiko lilikotoka kanisa la Moravian, na wamisionari wake walifika Rungwe, wilaya yenye mji wenu wa Tukuyu, mwaka 1891. Zile nyota kubwa zenye ncha nyingi unazoziona kwa majirani ni nyota za Herrnhut. Zilianza katika karne ya 19 kwenye shule za bweni za Wamoraviani, wanafunzi wakijifunza maumbo ya hesabati kwa kukunja karatasi, na hadi leo nyota halisi ina ncha 25: 17 zenye kitako cha pembe nne na 8 zenye kitako cha pembe tatu. Kwa hiyo usiione kuwa pambo la wageni. Ukiitundika Dresden, mtoto wako anapaswa kujua kwamba bibi yake alibatizwa katika kanisa lililoizaa nyota hiyo. (Nimechukulia kwamba mama ni Mmoravian, kwa kuwa umesema Tukuyu, kama nimekosea, nisamehe.)

Nunua ile ndogo ya karatasi kwa ajili ya ndani, kwani ya nje ni ya plastiki na bei yake ni kubwa zaidi. Huja ikiwa vipande vipande, na kuiunganisha ni kazi ya jioni nzima ambayo watoto huipenda. Kwa desturi hutundikwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma ya kuisubiri Krismasi, na hukaa hadi Epifania, Januari 6.

Nakuomba pia ujaribu matawi ya Barbara. Tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, watu wa huku hukata matawi ya mcheri yaliyokwisha kupigwa na baridi kali, huyakata mshazari chini, huyalaza usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, kisha huyaweka kwenye chombo ndani ya nyumba na kubadilisha maji kila baada ya siku chache. Yakitunzwa vizuri huchanua karibu na Krismasi. Sisi tuliokulia kwenye nchi ambayo mikrismasi huwaka maua mekundu barabarani kote mwezi huohuo, hatukuwahi kufikiri kwamba ua la Desemba linaweza kusubiriwa kwa wiki tatu. Mimi hulisubiri kila mwaka.

Fundi wa Taa

Naongeza neno moja la usalama. Ndani ya nyota ya karatasi weka balbu ya LED ya wati chache tu, ile inayopendekezwa na mtengenezaji, kwa sababu haitoi joto la kuunguza karatasi. Kama utaweka pia shada la Majilio lenye mishumaa minne, ambalo asili yake ni lile la mchungaji Johann Hinrich Wichern wa Hamburg mwaka 1839, liweke juu ya sahani ya udongo mbali na pazia, na ukitoka chumbani zima mishumaa hata kama unakwenda jikoni kwa dakika moja. Matawi ya msonobari yaliyokaa ndani wiki tatu penye joto la hita hushika moto kwa cheche moja.

Nuru wa Tukuyu (Desemba 14)

Ndugu zangu, naleta marejesho. Kadi zote zilikwenda katika bahasha nyeupe za C6, nyuma zikiwa na nyota za kiazi za rangi nyekundu na mstari mmoja wa wino wa dhahabu. Nilizipima kwenye mizani ya jikoni, na ile ya mama, pamoja na ukurasa wake wa pande mbili na picha ndogo ya mjukuu, ilisoma gramu 19. Niliitia kwenye sanduku la njano tarehe 24 Novemba. Hakuna iliyorudi mpaka leo.

Mwana wa Rungwe, hukukosea: mama ni Mmoravian, na nyota tuliiunganisha Jumamosi usiku kabla ya Majilio, binti yangu akizihesabu ncha kwa sauti mpaka 25. Matawi ya mcheri nilipewa na jirani mwenye bustani. Vichipukizi vimevimba, lakini bado havijafunguka.

Binti Karafuu, nina swali kwako: kati ya machungwa matano niliyochomeka, moja lina doa laini la kijivu chini, karibu na kikonyo. Je, nilikate sehemu hiyo, au nilitupe lote?

Binti Karafuu

Litupe lote, dada, leo hii, kabla ukungu haujahamia kwa wenzake. Huenda hapo chini palibaki pengo lisilo na karafuu, au lilikuwa limegusa ukuta wa dirisha ambao hulowa usiku. Hayo manne yaliyobaki yasogeze sentimita chache kutoka kwenye kioo, na yageuze kila siku mpaka yawe mepesi mkononi.

Nuru wa Tukuyu

Nimeyasogeza sasa hivi. Ahsante sana.