Kompyuta ya mezani inayojizima na kujiwasha yenyewe: yako ilikuwa na nini? Tupeane uzoefu

BabaTatu (Mbagala, Dar)

Wakuu, salaam. Nina kompyuta ya mezani, mtumba wa Kariakoo, Core i5, ramu 8GB. Ni ya nyumbani tu: watoto wanafanyia mazoezi ya shule, mimi usiku nakata video za harusi kupunguza makali ya maisha. Tangu mwezi wa tatu inajizima na kujiwasha yenyewe. Haitoi onyo wala haiandiki kosa. Skrini inakuwa nyeusi ghafla, sekunde mbili tatu, nembo hiyo hapo, kama vile mimi ndiye niliyeota. Juzi video ya bibi harusi ilikuwa imebakiza dakika mbili itoke. Nilibaki nimeshika kichwa.

Fundi wa kwanza alipiga Windows upya, elfu 20. Siku tatu, ikarudia. Wa pili akasema ramu imechoka, akabadilisha, elfu 45. Wiki moja, ikarudia. Wa tatu ananiambia madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Hapo nimeshika breki.

Naomba uzoefu, si ubashiri. Aliyekutwa aseme ilikuwa inafanyaje, aligunduaje, na ilimla kiasi gani. Ambaye hajakutwa avute kigoda asome.

KijanaWaMtaa

Itakuwa ramu mkuu.

BabaTatu

Nimesema nini?

MamaStesheneri (Arusha)

Yangu ilikuwa inajiwasha upya usiku wa manane, saa tisa. Dada wa kazi analala chumba cha pili yake, akaanza kuniambia kompyuta inaamka yenyewe usiku, inang'aa ukutani. Mara ya tatu akahamishia godoro lake kwa watoto. Mama mkwe akaja na maji ya dua, akanyunyiza meza yote. Nikamwomba tu asimwagie kibodi.

Mpwa wangu anasoma chuo, akaja likizo. Akabonyeza kitufe cha Windows, akaandika Event Viewer, daftari la matukio la Windows, akafungua Windows Logs, halafu System. Akanionyesha mstari wenye namba 1074. Kumbe namba hiyo inaandikwa pale programu au mtu anapoagiza mashine iwashwe upya, na mwagizaji anatajwa hapo hapo. Ilikuwa apdeti ya Windows, inasubiri tulale ndiyo ifanye kazi yake. Gharama: sifuri. Dada wa kazi mpaka leo hajarudi kile chumba.

FundiKoroboi (Mwanza)

Huyo dada hapo juu ameanza mahali ambapo mafundi wengi hatuanzii, nasema kwa aibu. Tunaanza na bisibisi.

Mimi nimekula hasara kwa hili. Mwaka 2019 niliuziwa mashine ya gemu, ukifungua gemu dakika kumi inakata. Nikabadilisha ramu, nikabadilisha diski, nikapaka dawa mpya ya joto kwenye prosesa, yote kwa kukisia. Siku moja nikatulia, nikafungua hiyo Event Viewer. Nikakuta Kernel-Power, namba 41. Watu wakiiona hiyo 41 wanashtuka wakidhani ndiyo ugonjwa. Hapana. 41 ni Windows inaamka na kusema "jamani, mara ya mwisho sikuzimwa kwa heshima." Kilichoiangusha hakisemwi hapo.

Cha kutazama ni ndani yake. Fungua Details, utafute BugcheckCode. Kama kuna namba ambayo si sifuri, Windows yenyewe ilianguka: dereva (programu inayoendesha kifaa), ramu, diski, kitu cha aina hiyo. Kama ni 0, mara nyingi ina maana umeme ulikatika chini ya miguu yake, haikupata hata nafasi ya kuandika wosia. Yangu ilikuwa 0 kila siku.

Nikaweka maltimita kwenye waya wa njano wa pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme. Inatakiwa volti 12, ikicheza kati ya 11.4 na 12.6 unavumilia. Ikiwa imetulia ilisoma 11.9. Nikafungua gemu, 11.5, 11.3, chaa, nyeusi. Pawa saplai imeandikwa wati 500 ubavuni, lakini nyepesi kama kopo la maziwa. Ndani kapasita mbili, vile vikopo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa kama maandazi na moja imetoa utomvu wa kahawia.

Angalizo: nimefungua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Umeme wa 230 ukishageuzwa kule ndani unafika volti zaidi ya 300, na zinabaki kwenye kapasita kubwa hata ukichomoa waya. Wewe wa nyumbani usifungue lile boksi. Azima nyingine nzima ujaribishie.

BabaTatu

Fundi, nimefungua sasa hivi. 41 zimejaa kama siafu. BugcheckCode 0 zote. Niko saa hii natazama ile risiti ya ramu.

MwanaMvita

Mie hapa Mombasa, karibu na bahari. Yangu ilikuwa ajabu: nikiweka kikombe cha kahawa mezani kwa kishindo, inajizima na kuwaka. Mlango ukibamizwa na upepo, vivyo hivyo. Nikafikiri waya wa umeme umelegea, nikabadilisha. Wapi.

Kumbe ni kile kitufe kidogo cha kuwashia upya mbele ya kasha. Hewa ya chumvi imekila, kimepata kutu, kikitikiswa vyuma vyagusana na madabodi yadhani nimekibonyeza. Hutoka pale waya mbili nyembamba zenda hadi pini za madabodi, zimeandikwa RESET SW. Nilizichomoa tu, basi. Mwaka wa pili huu. Kitufe chenyewe sikukibadilisha, na sijakikumbuka hata siku moja.

Mkaazi wa Ng'ambo (Unguja)

Mimi nilinunua UPS, lile boksi la betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ili inilinde, na ndiyo ilikuwa inaniua. Betri yake ya ndani ilikufa baada ya miaka mitatu hivi, joto letu halina huruma, na mimi sijui. Umeme ukipepesa kidogo tu, UPS inahamia kwenye betri, betri haipo, chini. TV iliyochomekwa ukutani moja kwa moja haikuwa inashtuka hata. Jaribio ni rahisi: washa kompyuta, usiwe na kazi ya maana, chomoa waya wa UPS ukutani. Ikizima papo hapo, umepata jibu.

MwalimuHesabu (Dodoma)

Sitaki ugomvi na mwenye uzi, lakini yangu ilikuwa ramu kweli.

Tofauti ni kwamba nilithibitisha. Windows imewekwa ikianguka ijiwashe yenyewe haraka, kwa hiyo ile skrini ya bluu yenye jina la kosa inapita kabla hujaisoma. Nikaandika sysdm.cpl, Advanced, Startup and Recovery, nikaondoa tiki kwenye Automatically restart. Kesho yake ikaanguka na bluu ikabaki palepale: MEMORY_MANAGEMENT. Nikaweka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, nikaiacha usiku kucha. Duru ya kwanza safi. Duru ya pili mistari myekundu. Ningeizima baada ya duru moja nisingejua.

Nikatoa ramu zote mbili, nikazisugua meno kwa kifutio cha penseli, nikajaribu moja moja. Moja ilikuwa mbovu hata baada ya kusuguliwa. Kwa hiyo KijanaWaMtaa asichekwe sana.

KijanaWaMtaa

Asante mwalimu 😂

Shemeji_wa_Moro

Joto. Watoto waliisukumia ndani ya kabati la TV. Vumbi kwenye feni nene kama blanketi. Nikapuliza kwa pampu ya baiskeli huku nimeshika feni isizunguke, nikapaka dawa mpya, nikaitoa kabatini. Yangu lakini ilikuwa inazima moja kwa moja, haijiwashi mpaka ipoe.

BabaTatu

Narudi na mrejesho, siku ya tisa leo.

Nilichukua daftari la mtoto nikanakili saa za zile 41 zote, 17 kwa wiki tatu. Hakuna hata moja ya Jumapili. Hakuna ya usiku baada ya saa nne. Karibu zote ni kati ya saa tano asubuhi na saa moja jioni. Nikamwonyesha mke wangu. Akatazama mara moja tu akasema, "Si saa za yule wa mageti?"

Nyuma ya nyumba yetu kuna kijana anachomelea mageti na madirisha. Alihamia mwezi wa tatu.

Kesho yake nikakaa mlangoni, mtoto akakaa kwenye kompyuta. Jamaa akigusa chuma taa ya korido inafifia, inarudi. Mara ya kumi hivi mtoto akapiga kelele, "Baba, imezima!"

FundiKoroboi (Mwanza)

Safi sana. Ila usimgombeze kijana wa watu bado. Pawa saplai nzima inatakiwa ihimili umeme ukipotea kwa kama milisekunde 16, yaani kupepesa kwa taa tu. Kuna waya wa kijivu unaoiambia madabodi kwamba umeme uko sawa. Saplai ikizidiwa inaondoa ile ishara, madabodi inajianzisha upya. Ndiyo maana yako inazima na kuwaka papo hapo. TV yako inazima?

BabaTatu

TV haizimi. Friji halizimi.

FundiKoroboi (Mwanza)

Basi azima pawa saplai, uifunge kwenye kompyuta yako, nyumba hiyo hiyo, saa hizo hizo.

BabaTatu

Wakuu, nimeazima kwa jirani wa mbele, ana mashine kama yangu, plagi zinalingana. Jumatatu hadi Alhamisi. Kijana kachomelea geti zima la gari, taa ya korido inacheza disko, kompyuta kimya. Jana saa kumi jioni, ndani ya moto ule ule, nimetoa video ya saa moja na nusu ya harusi ya Kibaha bila kukatika.

Leo nimenunua pawa saplai mtumba, elfu 35, muuzaji kaniwashia mbele ya macho. Ya zamani nimeitikisa, kuna kitu kinagonga ndani. Sijafungua, Fundi, nimekusikia.

Swali moja limebaki. Ile ramu yangu ya kwanza, ambayo sasa naona ilikuwa nzima, fundi wa pili alibaki nayo. Kesho naenda na daftari.

KijanaWaMtaa

Atakuambia ilikuwa madabodi mkuu.